Neno la Siri Lililonikwama Kooni

Andika, mjukuu wangu, wala usicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii niliipata mbele ya watu wa Igogo wakiwa wamepanga foleni, na sina pa kuificha.

Ilikuwa miaka ya soko huria, nami nilikuwa nikipeleka sangara kwenye ghala la barafu, ambako mwenye ghala alileta kompyuta ili samaki wa mtu wasichukuliwe na mwingine. Karani wake, Rehema, akanieleza kwamba mtu aweza kujitambulisha kwa namba, kwa swali, au kwa neno la siri. Namba nikaikataa (namba husahaulika), na swali la jina la mama nikalikataa pia, kwa kuwa mama yangu alijulikana soko zima.

"Basi mama, chagua neno ambalo hakuna atakayelisikia kinywani mwako."

Nikajiona mwerevu. Nikachagua jina la baba mkwe wangu, ambalo kwetu mke halitamki hata akiugua, na babu yako ndiye aliyemnong'oneza Rehema.

Baadaye babu yako akasafiri kwenda Ukerewe, nikaenda peke yangu kuweka sangara, jua likiwaka.

"Neno lako, mama?"

Nikamwomba aliandike yeye, kwa kuwa alishanong'onezwa.

"Mama, mimi nimelisahau, na humu kwenye kompyuta zinaonekana nyota tu."

"Ni jina la baba wa mume wangu," nikasema.

Nyuma yangu Mama Kulwa, muuza dagaa, akadakia, "Mwenzetu kajifungia nje, ufunguo kamwachia mkwewe." Foleni ikaangua kicheko, wengine wakaanza kutaja majina ya wazee wa Usukuma mmoja mmoja, nami nimeziba masikio, barafu inayeyuka, samaki wanalegea.

Rehema akanigeuzia vile vitufe vyenye herufi. "Mama, na kidole nacho kina mwiko?"

Nikatafakari. Hakuna aliyewahi kunikataza kidole. Kusoma sikujua, ila jina lile lilipakwa rangi ubavuni mwa mtumbwi wetu, nami nililitazama kila alfajiri. (Kumbe siri yangu ilielea ziwani mbele ya macho ya wote.) Nikabonyeza umbo moja baada ya jingine, na mashine ikakubali.

Siku ile ile nilibadilisha neno, na nimeapa kwamba sitaweka tena siri nisiyoweza kuifungua mwenyewe. Kisha nikamwomba Rehema anionyeshe herufi za jina langu.

Kuandika maneno mengi kama haya bado nakusumbua wewe. Ila hapo chini, mahali pa jina, usiandike kitu, nipe kalamu.