Kifaransa cha Kichuguuni

Moreto alikuwa mlinzi wa geti Dar es Salaam kwa miaka mingi, kwenye nyumba ya Mfaransa mmoja. Wamasai wengi wa kwetu Handeni walikwenda kulinda mageti mjini miaka ile biashara ilipofunguliwa na wageni wakaanza kujenga. Wengine walirudi na redio, wengine na baiskeli. Moreto alirudi na Kifaransa.

Alikipata getini. Zilianza salamu za wageni wa bosi, halafu watoto wa nyumba wakawa wanafanyia kazi zao za shule kwenye kibanda chake, maana ndiye mtu mzima pekee aliyekuwa na nafasi ya kuwasikiliza. Aliporudi kwa ng'ombe wake alinunua simu ya kupangusa pale Korogwe, na kila Ijumaa alasiri akawa anasikiliza mazungumzo ya mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa huko Ufaransa. Siku moja ni habari za wafalme wao, siku nyingine vitabu vyao, siku nyingine namna wanavyokula. Wasikilizaji walikuwa wa nchi nyingi, na mwishoni mwenye neno alipewa nafasi ya kusema.

Haya nayajua sasa. Wakati ule tulijua tu kwamba mtandao unashika mahali pamoja, juu ya kichuguu kilicho kwenye mpaka wa shamba la Mhina na langu, na kwamba kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, Mmasai yuko pale anaongea lugha isiyo Kimasai wala Kiswahili.

Mhina aliona na la pili.

"Anatembea kwenye mpaka," aliniambia. "Anakwenda, anageuka, anarudi. Halafu ananyoosha fimbo. Kwako, kwangu, mpaka kule lamboni. Nani anafanya hivyo kama si mpimaji?"

Ng'ambo ya barabara mwekezaji alikwishachukua ardhi, na kabla hajaja, huko nako alipita mtu na simu.

Kiangazi kilikuwa kimeingia. Kila mwaka, mahindi yakishavunwa, ng'ombe wa Moreto hupita kwenye mashamba yetu kwenda lamboni. Maji mengine yako mbali, ng'ombe hawafiki. Wanapita kwa ruhusa ya wenye mashamba, na ruhusa hiyo hutolewa kwa mdomo tu. Mwaka ule Mhina alikata miiba, akairundika mpakani, akaziba njia.

Kwenye kikao cha kijiji, Mzee Kibwana, mwenyekiti wetu, alimwita Moreto mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Moreto, pale kichuguuni unaongea na nani?"

"Na mwalimu, mzee. Tunajifunza habari za Wafaransa."

Watu walicheka. Rukaya, dada yake Mhina, hakuwa mtu wa kukaa na neno. "Mbuzi wako wameshamaliza shule, sasa ni zamu yako?"

"Mimi sikusoma, mama. Ndiyo nasoma sasa."

"Unasoma mipaka yetu," alisema Mhina.

Moreto aliinamisha kichwa. "Ng'ombe wangu wanakufa kwa kiu. Njooni Ijumaa, msikilize wenyewe. Mkisikia habari ya ardhi yenu, njia ibaki imefungwa."

"Kwa Kifaransa?" Rukaya aliuliza. "Wewe ndiye mshitakiwa, wewe ndiye mkalimani?"

Hata hivyo Ijumaa tulikwenda: Mzee Kibwana, Mhina, Rukaya na mimi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu huwa nakaa kimya. Mhina alikuja na kanzu yake ya msikitini na panga mkononi. Ng'ombe walikuwa wamesimama nyuma ya miiba, mbavu nje, wananusa upande wa lambo.

Moreto aliiweka simu juu ya kichuguu, akawasha spika. Sauti ya mwanamke ikaanza, ya taratibu, na yeye akatutafsiria kwa kunong'ona.

"Leo ni wachungaji. Anasema zamani, joto likizidi, kondoo wa bondeni walipelekwa milimani. Walipita kwenye mashamba ya watu. Wakulima walitaka kondoo walale kwao, wapate samadi. Mchungaji alipewa mkate na divai."

"Divai!" Rukaya alisema. "Hapa utapewa uji, tena wa jana."

Mhina hakucheka. "Imekuja vizuri mno. Leo hii hii, wachungaji na wakulima? Huenda huyo mama anaeleza mapishi."

Nami niliwaza hivyo hivyo.

Mara sauti ikasema, wazi kabisa, "Moreto." Akainuka. Aliweka shuka vizuri begani, akaiacha simu pale pale, akashika fimbo. Akaanza kutembea kwenye mpaka. Anakwenda, anageuka, anarudi. Kila alipopandisha sauti, aliinyoosha fimbo: kwa Mhina, kwangu, lamboni.

"Si ndiyo hayo!" Mhina alisimama na panga. "Mzee, umejionea!"

"Kaa chini, kaka," alisema Rukaya. Alikuwa anauza ugoro mnadani na wateja wake ni Wamasai. "Vikao vyao nimeviona. Mzee wao hasemi amekaa. Anasimama, anashika fimbo, anatembea, na anayeambiwa ananyooshewa. Huyu hapimi. Anahutubia."

"Anamhutubia nani? Hapa pana nyasi tu!"

"Wazungu wake."

Moreto alipomaliza, simu ilicheka, sauti nyingi kwa pamoja.

"Wanasema nini?" aliuliza Mzee Kibwana.

"Wanauliza kama na huku wakulima wanatupa mkate."

"Umewajibu nini?"

"Nimesema bado sijui. Nimesema wenye mashamba wako hapa, wanasikiliza."

Mhina aliwatazama ng'ombe. Alikwenda kwenye miiba, akaivuta kwa ncha ya panga, akaacha mwanya wa ng'ombe mmoja.

"Watapita," alisema. "Wakitoka kunywa watalala kwangu, niione hiyo samadi. Na wewe utalala humo humo, nikuone."

"Sawa, mzee."

"Na simu nakaa nayo mimi."

Moreto akampa. Mhina aliitia kwenye mfuko wa kanzu, akaushika kwa nje kama anayeshika kuku asiruke, na ng'ombe wakaanza kushuka lamboni.