Posa Iliyopelekwa na Simu

Mama wa binti alisimama barazani kwangu, khanga kaifunga kiunoni, simu kainyanyua juu. Mimi nilikuwa nachambua mchele.

"Soma," akaniambia. "Kwa sauti, na jirani asikie."

Nikasoma. Hongera! Harusi ya binti yako imepangwa Ijumaa ya pili baada ya Ramadhani. Pilau, watu mia mbili. Chini kuna ua jekundu.

"Binti yangu kaposwa na nani, mpishi? Na masufuria yako?"

Nilishika ungo kama mjinga.

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Bagamoyo. Shule niliishia darasa la nne. Nimevumilia moshi wa kuni, nikamvumilia na mume aliyehamia kwa mke mwingine na sufuria zangu mbili kubwa. Huku kwetu kijana akitaka kuoa, shangazi yake huja kwa mpishi kabla posa haijapelekwa, kuulizia kimyakimya kama tarehe iko wazi. Mpishi anatazama daftari, anajibu, anafunga mdomo. Huko kufunga mdomo ndiyo kazi yenyewe, pilau hata mvivu anapika. Maana upande wa mwanamke ukisikia umepangiwa siku kabla haujaulizwa, umetukanwa.

Basi akaja mtaalamu kutoka Dar, shati limepigwa pasi mpaka linakata. "Shikamoo mama. Nakuwekea akili mnemba ijibu meseji zako, wewe upike tu." Nikamweleza kazi zangu zote, na habari ya kufunga mdomo pia. Yeye anaitikia "ndiyo mama" huku anamaliza visheti vyangu.

Mle ndani ya simu roboti, yaani hiyo akili mnemba, alipewa zana mbili. Moja ya kutazama tarehe. Ya pili ya kuiweka tarehe na kupeleka habari pande zote mbili. Sasa roboti haoni zana inafanya nini, anasoma maelezo yaliyoandikwa juu yake, kisha anachagua. Ni kama kumwingiza mgeni jikoni kwako, makopo yote yamefunikwa, ana karatasi zilizobandikwa tu. Na bwana yule aliandika maneno yale yale kwenye zote mbili: "Inashughulikia tarehe za shughuli." Chumvi na sukari kaziandikia "vitu vyeupe"!

Shangazi wa kijana, mtu wa Kaole, akaandika kwa adabu: "Naulizia tu, Ijumaa ya pili baada ya Ramadhani uko wazi, pilau ya watu mia mbili? Posa bado hatujapeleka." Roboti akamwomba namba za simu za pande zote mbili. Akazitoa. Alidhani anaongea na mimi, na mdomo wangu anaujua ulivyofungwa. Roboti akachukua zana ya pili.

Posa ilipofika, ilirudishwa mlangoni. Kijana siku hizi ananipita bila salamu. Shangazi yake kaniambia, "Nilikuamini kuliko ndugu zangu." Sokoni mashoga zangu wamenipa jina, Redio, na tangu hapo hakuna shangazi aliyekuja kuulizia tarehe.

Nikampigia mtaalamu.

"Mama, ni hitilafu ya mfumo."

"Mfumo una mikono? Yale maneno kaandika nani?"

"Mimi, ila..."

"Ila nini? Chukua kalamu."

Nikamtajia. Zana ya kwanza: ni ya kutazama tu, haimjulishi mtu yeyote, usiombe namba ya simu ya upande wa mwanamke. Zana ya pili: itumie pale tu posa imekubaliwa na mpishi mwenyewe kasema ndiyo. Mtu akisema "naulizia", hiyo si ya pili. Ukiwa na shaka, niulize mimi.

"Ndefu kidogo, mama."

"Ndefu kuliko uchumba uliouvunja?"

Kosa langu nalijua: sikumtaka anisomee alichoandika kabla hajakiwasha. Hilo nimeshaliomba radhi nyumba zote mbili. Lake bado. Namtaka Ijumaa baada ya swala, kwa yule mama, viatu avue mlangoni, akae mkekani kati yangu na shangazi, aseme kwa mdomo wake: maneno yale niliandika mimi, mpishi hakutoa siri. Asitume meseji. Na visheti hapati.