Darasa la Sabuni

Wanafunzi walimwita Fursa, maana neno hilo halikumkauka mdomoni. Alifundisha ujasiriamali chuo kikuu, na tangu azaliwe hakuwahi kuuza hata njiti ya kiberiti. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na safari hii mkuu wa kitivo alimwambia kinagaubaga: siku ya maonyesho, mgeni rasmi akikuta biashara za wanafunzi ziko hai, mkataba unaongezwa. Zikiwa zimekufa, kwaheri ya kuonana.

Kwa vitendo Fursa alijua kitu kimoja tu, alichookota kwenye semina: kukoroga sabuni ya maji. Basi akawafundisha hicho. Darasa zima likakoroga, likajaza chupa, likabandika lebo. Wakauziana wenyewe kwa wenyewe mpaka mabweni yakang'aa, kisha soko likadoda.

"Mwalimu, hazitoki!"

"Tafuteni wateja, vijana!"

"Hadi walinzi tumewauzia. Umebaki wewe. Chukua mbili."

Angefanyaje? Biashara zikifa, naye kafa. Akanunua. Mkewe, fundi cherehani, akakuta chupa uvunguni, kabatini, mpaka nyuma ya pipa la unga.

"Baba watoto, tunaoga au tunazama?"

Siku ikafika. Ukumbini, meza kwa meza: sabuni ya ndimu, sabuni ya waridi, sabuni ya kijani isiyojijua ni ya nini. Tabasamu la mgeni likazidi kusinyaa. Kwenye meza ya mwisho akamuuliza binti mmoja, "Mteja wenu mkubwa ni nani?"

Binti, ambaye uongo haumkai, akamnyooshea Fursa kidole. Wenzake nao wakanyoosha. Ukumbi mzima vidole.

Mkuu wa kitivo alimkuta koridoni. "Mkataba ndiyo basi tena, ndugu yangu. Lakini wewe una shida gani? Si unajua kujiajiri?" Akampigapiga begani, akaenda zake.

Nyumbani mkewe hakumlaumu. Alimvua tai, akamshikisha chupa mbili. "Haya, mwalimu. Anza na jirani."

Fursa akasimama mbele ya mlango wa jirani. Katika mihadhara yake yote, hakuna hata mmoja uliogusia mtu anaanzaje kupiga hodi na kitu cha kuuza mkononi. Kabla hajabisha, mlango ukafunguka. Mama jirani huyo, na katoni ya sabuni kifuani.

"Afadhali umekuja, mwalimu! Nilikuwa nakuja kwako. Mwanangu si yuko darasani kwako? Kaniachia hizi. Anasema wewe hukatai."

Fursa akaweka chupa zake chini, akapokea katoni.