Jaza Kadi Kabla ya Safari

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kamera. Nilishika ufagio, halafu beseni. Ilikuwa mwaka 1997, katika studio moja ya picha mjini Mbarara, Uganda. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia la buluu na kiti kimoja, na nyuma yake kulikuwa na chumba cha giza ambamo filamu zilisafishwa. Nilikuwa mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, mama wa watoto wawili, nimefika kambi ya Nakivale mwaka uliotangulia. Bosi wa studio, Mnyankore mnene aliyevaa koti hata jua likiwaka, alinitazama mikono kabla hajanitazama uso.

“Nyabo,” akaniita, kama wanavyomwita mama kwa lugha yake, “hii mikono yako inatetemeka?”

“Hapana, Bosi.”

“Basi beba maji. Picha inaanza na maji safi.”

Nilibeba maji miezi mitatu. Ninyi mnaopiga picha kwa simu mtacheka, lakini sisi tulijifunza kazi kuanzia nyuma kwenda mbele. Kwanza kusafisha filamu, yaani kuiogesha kwenye dawa mpaka picha ijitokeze, kisha kuchapa kwenye karatasi, na kamera ikaja mwisho kabisa. Mkanda mmoja wa filamu ulikuwa na picha thelathini na sita, na ukiufungua kwenye mwanga umeziua zote. Tulikuwa waoga, na woga ule ulitufaa sana.

Mwaka wa tatu Bosi alinikabidhi kamera na kunirudisha Nakivale kama mpiga picha wake wa safari. “Wewe unajua lugha yao,” aliniambia. “Enda. Lakini kumbuka, mteja hapana taka kufinya yako ya kamera. Anataka picha.” Nikaweka meza yangu Misiera, kijiji kimoja humo kambini, kati ya duka la vitenge na fundi wa redio, na kutoka hapo nilizunguka kwa baiskeli mpaka Rugaaga kwa wakulima na Oruchinga kwenye kambi nyingine ndogo. Harusi, ubatizo, kwaya, watoto wachanga, wote walipita mbele ya lenzi yangu. Watu wakaniita Mama Foto. Sisemi kwa majivuno, au tuseme nasema kwa majivuno kidogo: wapiga picha wengine wote wa Misiera walikuja baada yangu, na wawili kati yao niliwafundisha mimi, ingawa siku hizi wamesahau.

Kamera za dijitali zilitufikia karibu na mwaka 2006. Bosi alirudi kutoka Kampala na kamera isiyo na mkanda. Ndani yake kulikuwa na kadi, ile tunayoiita memori kadi, ndogo kama kipande cha biskuti. Niliiweka kiganjani nikaona aibu kuiamini. Bosi akaniketisha kwenye kile kiti cha wateja, akanifundisha kama nilikuwa mgeni wa jana.

“Kadi mpya si kadi bado,” alisema. “Jaza kwanza. Piga ukuta, piga mbuzi, piga mguu yako, mpaka kamera iseme imejaa. Alafu fungua picha ya kwanza, fungua ya katikati, fungua ya mwisho. Zote zikifunguka, sasa hiyo ni kadi.”

“Kwa nini nijaze na vitu vya bure, Bosi?”

“Kwa sababu kuko kadi za uongo. Imeandikwa giga nne, ndani iko moja tu. Na kadi ya uongo haikatai, nyabo. Inapokea, inapokea, inatupa.”

Alinifundisha na mengine. Kwa safari ndefu beba kadi nne ndogo, si moja kubwa, ili moja ikifa usife nayo. Usichomoe kadi taa ya kamera ikiwa bado inawakawaka, kwa maana hapo inaandika. Ukishahamisha picha, ifute kadi yote ndani ya kamera ileile, tunasema kuifomati, ili ianze upya ikiwa safi. Vumbi la Nakivale halina adabu, kwa hiyo kadi zangu nilizifunga kwenye kitambaa ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Wageni walilicheka kopo lile. Kulikuwa na Afisa wa Mawasiliano wa shirika moja aliyenikodi niandamane naye Rugaaga, naye alicheka kuliko wote. Jioni yake kadi yake kubwa ilikataa kusoma, na ripoti nzima ikajaa picha zangu. Tangu siku hiyo kichwa changu kikavimba, na mtaona kilinifikisha wapi.

Kwetu Nakivale kuna picha tunazoziita za kuaga. Familia ikikubaliwa kwenda kuishi nchi za mbali, huwazungukia ndugu ambao hawamo kwenye faili lao, mmoja mmoja, na kupiga picha mlangoni kwa kila ndugu. Lazima iwe mlangoni pake, ili huko waendako waseme, tulitoka kwenye mlango huu. Mpiga picha husafiri nao. Mwaka 2011 alinijia Mama Riziki, mjane mwenye watoto watatu. Jumatatu tulianzia Rugaaga kwa kaka yake, tukamalizia Oruchinga kwa mama yake, Koko Nabintu; koko kwetu ni bibi. Koko hakuwa kwenye faili. Basi la wasafiri lilikuwa liondoke Nakivale Alhamisi asubuhi.

Wiki hiyo nilikuwa nimenunua kadi mpya, kubwa, karibu na kituo cha mabasi Mbarara. Muuzaji aliapa, “Original, nyabo, original kabisa!” Nilijua la kufanya. Lakini kuijaza kadi kubwa kunakula betri, na betri zangu nilizichajisha kwa foleni kwenye duka la sola pale Misiera. Nikahesabu kwamba nikijaza picha za mbuzi, betri itanifia Oruchinga. Nikasema, miaka yote hii, mimi ni wa kujaribu kadi? Nikaitia kwenye kamera, nikaacha lile kopo nyumbani.

Kila nilipofinya, picha ilitokea kwenye kioo. Hapo ndipo wengi hudanganyika, nami nilikuwa najua: ile unayoiona papo hapo kamera inakuonyesha kutoka kichwani mwake, si kutoka kwenye kadi. Koko na binti yake mlangoni. Koko na wajukuu mlangoni. Koko akimfunga Riziki kitambaa. Niliziona zote, nikafurahi.

Jumanne nilikuwa studio. Bosi akachomeka kadi kwenye kompyuta. Rugaaga ikatoka safi, na mbuzi wa kaka mtu nao wakatoka. Oruchinga ilikuwa mistari ya kijivu, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho.

“Ulijaza hii?” aliuliza Bosi.

Nilishika ufagio uliokuwa pembeni, nikaanza kufagia.

“Nyabo, nimeuliza.”

“Sikujaza.”

Nilingoja anifokee. Akachomoa kadi, akaivunja kwa koleo, akavaa koti lake. “Leo ni Jumanne,” alisema. “Basi iko Alhamisi. Unangoja nini hapa?”

Jumatano asubuhi nilimkuta Mama Riziki Base Camp, makao makuu ya kambi, ndani ya uzio wa wanaosafiri. Wakishaingia pale hawatoki tena. Nilimwambia kupitia waya wa uzio, bila kuzungusha maneno. Alishika waya kwa mikono miwili.

“Ya mama yangu? Zote?”

“Zote. Kosa ni langu.”

“Mama Foto, batoto bangu bataonyeshwa nini?” alisema, akaanza kulia. Nililia naye, kwa aibu zaidi kuliko huzuni, lazima niseme ukweli.

Nilichukua boda mpaka Oruchinga, na kopo langu mkobani. Koko Nabintu alikuwa anapepeta maharage.

“Weye Mama Foto, umesahau nini huku?”

Nikamweleza, nikamwomba aje nami kesho yake kwenye basi. Akaendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha, kisha akasema, “Nilisha kuaga mutoto wangu. Nilimuaga hapa, na nguvu yangu yote. Unataka niende tena nione mugongo yake inapanda mu basi? Hapana. Sitaweza.”

“Koko, sikuombi kwa ajili yangu. Wajukuu ni wadogo. Sura yako itawatoka.”

Aliutundika ungo ukutani. Sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa yule mama mdogo wa kimo, kwa sababu alikuwa na haki ya kukataa na mimi sikuwa na haki ya kuomba.

“Ile kadude ya kwanza iko fasi gani?” aliuliza.

“Bosi ameivunja.”

“Alifanya muzuri. Na hii ingine, unaijua?”

Nikafungua kopo. “Hizi mbili nazijua kama watoto wangu. Nimezijaza mara nyingi na hazijatupa hata moja.”

Nililala kwake, tukaondoka alfajiri kwa boda, yeye katikati yangu na dereva. Kabla hatujaondoka alishuka kwenye pikipiki, akarudi, akang'oa pazia la mlango wake, akalikunja kwapani. Sikuelewa mpaka tulipofika Base Camp. Basi lilikuwa limewashwa. Mlinzi alitupa dakika chache. Koko alilitandaza pazia lake kwenye ubavu wa basi, akamwambia mlinzi ashike ncha moja na dereva wa boda ashike nyingine, akasimama katikati, akawapanga binti yake na wajukuu mbele yake.

“Huu njo mulango wangu,” alisema. “Piga.”

Nilipiga nusu kwenye kadi ya kwanza, nusu kwenye ya pili. Mikono haikutetemeka. Basi lilipoondoka Koko aligeuka kabla halijapinda, akakunja pazia lake.

Picha za karatasi Mama Riziki alizipata kupitia mgeni mmoja aliyekwenda huko, na Koko akapata yake. Nilistaafu mwaka 2015, macho yaliponichoka. Kamera nimezigawa, isipokuwa moja, na kadi moja ya siku ile ya basi ambayo sijaifomati, nikivunja kanuni yangu mwenyewe. Ninyi mnaoanza kazi hii, nunueni kadi mahali mnapoweza kumrudia muuzaji, bebeni ndogo ndogo, na jazeni kabla ya safari. Betri ikiisha kwa sababu ya mbuzi, iishe.

Koko alihamia Misiera kwa jamaa wa kanisa lake. Kila siku ya soko hupitia kwangu, hukaa, huuliza, “Haijafutika?” Nami huwasha kamera. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua kuja, na ile ya karatasi anayo ukutani kwake.

“Ile ya karatasi inakaa tu,” alisema. “Huku unazima, banaenda. Unawasha, banakuya tena.”