Siku Niliyofuta Ubao Wasichana Wakiniona

Siku yangu ya kwanza kufundisha fizikia, katika shule ya bweni ya wasichana hapa Nakuru, nilikosea hesabu ubaoni nikaifuta chapuchapu. Mkuu wa Idara alikuwa ameketi nyuma. Tulipotoka akaniambia, "Mwalimu, ukikosea, futa wakikuona, na uwaambie umekosea. Hawa watoto si wajinga." Nikaitikia. Kutii kulinichukua miaka thelathini na kitu.

Nilichopenda kuliko vyote ni klabu ya nyota. Tulikutana uwanjani kabla ya prepu, yale masomo ya jioni, na darubini yetu moja iliyofungwa mguu kwa kamba. Mwanzoni mwa 2020, korona ikiwa bado haijafunga shule, ile nyota nyekundu ya begani mwa kundi la nyota la Orioni ilififia, hata kwa macho matupu ikaonekana imepungua. Nikawaeleza wasichana kwamba ni nyota kubwa iliyozeeka, na kwa kujitia mjuzi nikaongeza kwamba iko karibu kulipuka.

Nyambura wa Fomu Mbili, mtoto wa wakulima wa viazi kule Dundori, akainua mkono. "Mwalimu, si labda imefunikwa na vumbi?"

"Vumbi liko Nakuru, mama," nikamjibu. "Huko juu nani anafagia?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu hapo akaitwa Vumbi. Hakuinua mkono tena, na klabuni akaacha kuja. Niliona, nikajiambia atazoea.

Nyota haikulipuka. Iling'aa tena, na baadaye nikasoma maelezo ya wataalamu. Nyota kubwa namna hiyo ikizeeka hufura na kuanza kutupa tabaka zake za nje. Gesi ikifika mbali hupoa, huwa chembechembe, na chembe hizo huizunguka nyota kama ganda. Wingu moja la chembe hizo ndilo lililoikinga tusiione vizuri. Vumbi, basi. Nilijichukia siku hiyo.

Mwalimu Mkuu alinishauri, "Mwite ofisini umwombe msamaha, yaishe." Lakini sikuwa nimemcheka ofisini.

Nikaingia darasani kwao, Fomu Tatu sasa, nikaandika ubaoni: nyota iko karibu kulipuka. "Haya niliyasema mimi," nikawaambia, nikayafuta wakinitazama. "Nyambura alisema ni vumbi, nami nikamcheka. Ni yeye aliyekuwa sahihi. Nisamehe, binti yangu."

Nilisimama na dasta mkononi kama mtu aliyeitwa kwa kosa. Kisha Nyambura akainua mkono.

"Mwalimu, na hilo vumbi huenda wapi?"

Nikamwambia husambaa, hatimaye likaingia katika nyota nyingine na dunia nyingine. Nilijibu nikiwa nimegeukia ubao, maana macho yalikuwa yamejaa, nikasingizia chaki.

Nimestaafu sasa, nafuga kuku. Nyambura yuko chuo kikuu, anasomea fizikia, na hunipigia simu. "Sasa Mwalimu, ni Vumbi hapa." Halafu ananiuliza swali gumu, nami namwambia sijui.