Mshale Juu ya Nailoni

Kwenye mjengo walimwita Mshale. Kazi yake ilikuwa kupokea mapande ya sakafu ya mbao kutoka kiwandani na kuchora, kwa rangi nyekundu juu ya nailoni iliyoyafunika, mshale wa kuonyesha yalale kuelekea wapi.

Na ajabu ya mapande yale ni hii: ni tabaka tatu za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kubanwa kwa mashine, nyuzi za ile ya kati zikizikatiza za zile mbili za nje, kama vidole vya mikono miwili vilivyopishana. Nyuzi za nje zikienda ukuta hadi ukuta, hata tembo acheze ngoma juu, pande halivunjiki. Ukiligeuza pande, mzigo wote unaiangukia ile moja ya katikati. La mstatili hukataa lenyewe kugeuzwa, halienei. La mraba halina adabu, linakaa vyovyote.

Siku moja upepo na mvua vilichana nailoni ya pande la mraba. Mshale akafunga nyingine chapuchapu, akachora kwa mazoea. Haraka haraka haina baraka, lakini nani hukumbuka methali akiwa amelowa chapachapa?

Pande likapandishwa, likalazwa, mifuko ya saruji ikapangwa juu. Chini yake mume wa dada yake alikuwa akiondoa nguzo za muda. Hawa wawili utani ulikuwa chakula chao. Mshale alizoea kumzulia nyoka, shemeji anaruka, wanacheka mpaka mbavu ziwaume.

Mshale akasikia mbao inalia. Akafunua ncha ya nailoni. Nyuzi za mbao zilielekea upande usio wake.

"Shemeji, toka! Toka huko!"

"Leo nyoka wa rangi gani?"

"Si nyoka! Sakafu inashuka!"

"Aa, umeishiwa, shem! Jana nyoka, leo sakafu!" Akaishika nguzo ya mwisho, akicheka, macho hakuyainua.

Ikashuka.

Baada ya mazishi, dada yake alimuuliza swali moja tu, huku akikunja shati la kazi la marehemu.

"Kaka, hukumwita?"

"Nilimwita. Alikuwa anacheka."

Dada akalikunjua lile shati, akalikunja upya.

Siku hizi Mshale hachori. Huvua kila pande nailoni yake, akapapasa mbao kwa kiganja. Na akipaza sauti, hata kuomba maji tu, walio chini wote hutimua mbio. Hakuna anayecheka.