Mama wa Baiskeli Pale Kanyenye

Juzi asubuhi nilikuwa Kanyenye nanunua vocha, mara gari dogo likamgonga mama aliyekuwa akiendesha baiskeli. Akaanguka, mguu ukapinda vibaya. Dereva aliteremka, akakagua kwanza taa ya gari lake, kisha akafoka, "We mama, huoni njia?"

Kufumba na kufumbua watu wakamzingira dereva. Mmoja akamkaba ukosi, mwingine akaokota jiwe. "Mpigeni huyo!"

Ndipo yule mama akajiinua kwa kiwiko. "Jamani, mkimpiga huyu, nani atanipeleka hospitali?"

Jiwe likadondoshwa, ukosi ukaachiwa. Dereva akapiga magoti kando yake. "Pole, mama yangu. Nisamehe." Mwenye duka akapasua boksi gumu, tukalibana kwenye mguu na kuufunga kwa kanga usitikisike, tukambeba taratibu mpaka kiti cha nyuma cha gari lile lile. Trafiki alipofika, aliikuta baiskeli tu.

Tulikuwa wengi pale, wazima wa viungo, kila mmoja akijua nani mwenye kosa. Aliyekumbuka hospitali alikuwa mmoja, naye alikuwa amelala chini.